Pikapu Isiyokohoa

Siku pikapu ya umeme ilipoingia uani kwetu, hakuna aliyeisikia. Tulikuwa ofisini, mimi na Mama Mkubwa, tukibishana kama mteja wa vitanda vya chuma alisema ghorofa ya pili au ya tatu. Nikainua macho, nikaona dirisha limejaa gari. Jeupe, pana, kifua mbele, limesimama pale kana kwamba lililala hapo tangu jana. Nilishtuka mpaka kalamu ikaniponyoka. Mama Mkubwa aliinuka kwa kushika meza, akachungulia, na swali lake la kwanza halikuwa la bei wala la nguvu.

"Lina klachi?"

Swali hilo lina historia yake, na mimi si mtu wa kuficha historia. Mama Mkubwa ni dada yake mama yangu, na kwa miaka mingi alikuwa dereva wa ushirika wetu wa kuhamisha nyumba. Kazi yetu ndiyo hiyo. Mtu akihama, tunabeba vyake vyote, kuanzia kabati mpaka kijiko, tunapakia huku, tunashusha kule. Aliendesha pikapu ya zamani ya dizeli ambayo mtaa mzima unaiita Kikohozi, na wanaomkumbuka wanasema aliiingiza kinyumenyume kwenye vichochoro ambavyo wengine wangepita na mkokoteni kwa tabu. Halafu siku moja kabati la mteja lilimwangukia kwenye ngazi, likamvunja goti la kushoto. Goti lilipona la kutembelea. La kukanyagia klachi ya Kikohozi halikupona, maana klachi ile ni ngumu kama mlango wa ghala. Na magari yote ya ushirika yalikuwa ya namna hiyo. Mtaniuliza, kwani hakuna pikapu za kawaida zisizo na klachi? Zipo. Lakini nani amewahi kuona ushirika ukinunua gari kwa ajili ya goti la mtu mmoja?

Basi wakampa kiti ofisini, na simu. Tangu hapo wabebaji wakaacha kumwita dereva, wakamwita Mama Ofisi. Walimwita hivyo kwa heshima kabisa, naye akaitika. Kila mteja aliyepiga kuuliza mzigo wake umefika wapi alijibiwa kwa sauti ileile tulivu: "Usiwe na wasiwasi, dereva yuko njiani." Na kila alipolisema hilo, mimi niliyekaa meza ya pembeni niliuona mkono wake wa kushoto ukishuka chini ya meza, ukabadilisha gia. Sidhani kama mwenyewe alijua. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu nina mdomo mrefu lakini si katili.

Sasa mkielewa hayo, mtaelewa kwa nini sauti yake ilikwaruza alipouliza habari ya klachi.

"Halina," akajibu mhandisi wa kampuni iliyolileta, dada mmoja mwembamba mwenye viatu vya vumbi. "Halina klachi, halina gia za kubadilisha. Pedali ni mbili tu, ya kwenda na ya kusimama. Guu la kushoto likae tu, lipumzike."

Mama Mkubwa akarudi kukaa. Akalitazama goti lake kama mtu anayemtazama mtoto mtundu aliyepata bahati asiyostahili.

Masharti yalikuwa mepesi. Gari lingekaa nasi wiki mbili, tulifanyie kazi, kisha wanachama wapige kura. Wakikubali linabaki, wakikataa linarudi lilikotoka. Mwenyekiti wetu, mzee mfupi, mnene, mwoga wa kila kisichowahi kuharibika mbele ya macho yake, akauliza uani nani ataliendesha. Madereva wengine wakaangalia viatu vyao. Hakuna aliyetaka kuonekana mjini ndani ya kitu kile.

"Mimi," akasema Mama Mkubwa kutoka mlangoni.

"Na simu?"

"Simu ataishika binti yangu huyu. Mdomo anao."

Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama. Gari likibaki, Mama Mkubwa ni dereva. Likirudi, naye anarudi kwenye kile kiti chenye mto uliobonyea. Nilimwombea mpaka nikawachosha watakatifu, na kwa kuwa simu ya ofisi ni ya mkononi, niliitia mfukoni, nikapanda naye. Nani angekaa ofisini wiki zile?

*

Watu walilipokea gari lile kwa vicheko. Asubuhi ya kwanza tu lilipata jina, Jokofu, kwa sababu ni jeupe, lina kona, na linanguruma kidogo likiwa limechomekwa ukutani. Tukisimama mahali, wanazunguka. Mmoja anapiga tairi teke, mwingine anapima urefu wa boneti kwa mikono, wa tatu anauliza kama mvua ikinyesha tutapigwa na umeme. Fundi magari wa kona ya pili, ambaye ameishi kwa maradhi ya Kikohozi maisha yake yote, aliomba aione injini. Mama Mkubwa akamfungulia boneti. Ndani mlikuwa na shimo kubwa safi, na ndani ya shimo tulikuwa tumeweka mablanketi ya kufungia vioo, kamba na chupa ya chai.

Fundi akatazama chai kwa muda mrefu. "Wamewauzia gari," akasema kwa huruma, "wakasahau kutia injini."

Mtaa ulicheka mpaka jioni. Mimi nilikasirika. Mama Mkubwa alicheka kuliko wote, akammiminia fundi chai.

Lakini si kwamba walikosea katika kila kitu, na mimi sitawadanganya kwa sababu ya mapenzi. Gari lilikuwa pana kiasi kwamba geti letu lililikwangua ubavu siku ya pili. Sanduku la nyuma lilikuwa fupi kuliko la Kikohozi, tukawa tunafunga ngazi kwa mshazari. Na lilikuwa juu mno. Wabebaji waliozoea kurusha godoro kwa mkono mmoja sasa walilisukuma kwa kichwa. Nilimvamia mhandisi alipokuja kutukagua.

"Kwa nini mmelifanya hivi? Nani alihitaji mlima?"

Hakukasirika. Akachuchumaa, akanionyesha chini ya gari, bamba refu kutoka tairi za mbele mpaka za nyuma. "Betri ndiyo hii. Ipo chini yenu muda wote, ndiyo maana sakafu imepanda. Ukitaka gari liende mbali, betri iwe kubwa. Betri ikiwa kubwa, gari linakuwa zito. Likiwa zito, linakula betri."

"Kama mtu anayebeba chakula kingi cha safari," akasema Mama Mkubwa, "halafu uzito wa chakula unamtia njaa."

"Ndivyo hasa. Kila kitu humu tumepata kimoja kwa kutoa kingine. Viti vya nyuma vimekula sanduku. Tairi pana zinabeba uzito, lakini zinakula mwendo."

"Na hicho kifua? Hilo boneti kubwa la kuwekea chai?" nikauliza.

Mhandisi akainuka, akapangusa magoti. "Hapo mmenishika. Wanunuzi wengi wanapenda pikapu yenye kifua. Niseme ukweli, ukubwa wa gari hili nusu ni hesabu, nusu ni majivuno."

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi," nikasema.

"Mwanangu, nyamaza," akasema Mama Mkubwa, lakini nilimwona anatabasamu.

*

Ngoja niwaambie habari ya mlima, maana hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoanza kulipenda.

Tulikuwa tumebeba vitu vya familia inayohamia upande wa pili wa mlima, mzigo mrefu uliopita kichwa cha gari. Kwenye kioo mbele ya usukani kuna namba inayokuambia safari iliyobaki kabla chaji haijaisha. Tulipoanza kupanda, namba ile ikaanza kuporomoka. Mzigo unailemea, upepo unaupiga mzigo, mlima nao unadai chake. Kila kona nilipoangalia ilikuwa imepungua zaidi. Nikaanza kufikiria tutakavyosukuma tani zile zote huku mtaa mzima unapiga picha, na Mwenyekiti anasema, nilijua.

"Mama Mkubwa, itaisha."

"Tazama nje."

"Nikitazama nje namba haitashuka?"

"Itashuka, lakini hutanipigia kelele."

Tukafika kileleni. Akatoa mguu kwenye pedali, gari likaanza kuteremka lenyewe huku likijizuia, bila breki kulia, bila harufu ya mpira unaoungua. Namba ikasimama. Halafu, na hapa nawaapia, ikaanza kupanda. Nikafikiri macho yangu yameharibika. Ikapanda tena. Kila tulivyozidi kushuka, ndivyo mlima ulivyozidi kuturudishia sehemu ya ulichokuwa umekula.

"Linarudisha," nikasema. "Mama Mkubwa, linarudisha!"

Nikamgeukia. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, mgongo wima, uso wake umerudia ujana. Goti la kushoto lilikuwa limetulia tuli kama maji mtungini. Akaanza kuimba polepole wimbo wa zamani ambao sikujua kama anaujua. Nilifurahi mpaka nikashindwa kukaa vizuri.

*

Sasa nifike kwenye aibu yetu.

Mkuu wa wabebaji tunamwita Kamba, kwa sababu hakuna fundo asilolijua na hakuna mzigo aliofunga yeye ukaanguka. Kamba na vijana wake husafiri nyuma, chini ya turubai, wamejibanza kati ya makabati. Hawaoni nje. Na katika ushirika wetu kuna kanuni moja ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: injini ikizima, shusha. Hakuna kungoja kuambiwa. Kikohozi kinapozimwa kinatikisika, kinapiga chafya ya mwisho, na kabla moshi haujatawanyika wabebaji wako chini na sofa begani. Wanajivunia kasi hiyo kama wengine wanavyojivunia watoto wao.

Siku hiyo tulikuwa tunamhamisha mwalimu mmoja mstaafu. Njiani palikuwa na ukarabati wa barabara, na mtu mwenye bendera nyekundu akatusimamisha ili wa upande wa pili wapite kwanza. Tukakaa hapo muda. Mimi na Mama Mkubwa tulikuwa tunabonyeza vitufe kutafuta kile cha kupasha kiti joto. Nyuma, chini ya turubai, Kamba alisikia kimya. Akafanya alichokifanya maisha yake yote.

Gari lile ni zito, watu wanne wakiruka chini hulisikii likitikisika. Injini haipo, hakuna kilichobadilika. Mwenye bendera akainua ya kijani, tukaondoka.

"Limekuwa jepesi," Mama Mkubwa akasema baada ya kona mbili.

Nikaangalia namba. Ilikuwa imeongezeka, na hapakuwa na mteremko wowote. Nikapiga makofi. "Unaona? Limeanza kutuzoea."

Tulifika kwa Mwalimu tunacheka. Mama Mkubwa akafungua turubai. Ndani mlikuwa na vitabu, meza na ndoo. Sofa hakuna. Friji hakuna. Kabati hakuna. Wabebaji nao hakuna. Mwalimu akavaa miwani, akatazama ndani, akavua miwani.

"Vingine vinakuja na gari jingine?" akauliza.

Tulirudi kwa mwendo ambao sitausema mbele ya Mwenyekiti. Tukakuta, karibu na yule mwenye bendera, nyumba yenye geti wazi. Kamba amesimama sebuleni, kamba zake mkononi, uso umemshuka. Juu ya sofa ya Mwalimu ameketi bibi mmoja, amenyoosha miguu, mkono mmoja unapapasa kitambaa. Friji la Mwalimu limeshachomekwa ukutani.

"Mwanangu aliniahidi sofa tangu mwaka juzi," bibi akatuambia. "Niliposikia gari halipigi hata kelele, nikajua ni yeye. Ameona aibu kuchelewa, kaileta kimyakimya."

Kamba aliombwa amwinue bibi kutoka kwenye sofa ile. Sijawahi kumwona mtu mzima anayebeba kabati peke yake akishindwa hivyo. Mwishowe Mama Mkubwa akakaa pembeni ya bibi, wakaongea kuhusu watoto wanaoahidi, wakacheka, bibi akainuka mwenyewe. Lakini dereva aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni alikuwa amerekodi yote. Kufikia jioni picha ilikuwa kwenye kila simu. Watu wakatupigia kuuliza kama ni kweli Jokofu linagawa sofa, wakatueleza na wanakokaa ili tupite.

Kamba alikuja ofisini na hasira ya mtu aliyechekwa na watoto wake mwenyewe. "Mama Ofisi, nakuheshimu. Lakini gari lisilo na sauti ni sawa na mtu asiyejibu salamu. Utajuaje kama yuko hai? Kura ikija, mimi nakataa, nabaki chini, na vijana wangu wanabaki chini."

Alipotoka, Mama Mkubwa alikaa kwenye kile kiti chake cha zamani. Wabebaji ni zaidi ya nusu ya wanachama. Niliona mkono wake wa kushoto umelala mezani kama kitu kilichosahauliwa, na nikataka kulia kwa hasira.

*

Asubuhi iliyofuata Mama Mkubwa alifika kabla yetu. Aliwaita wabebaji karibu na gari, akakaa kwenye usukani, dirisha wazi, mkono nje.

"Nyinyi hamkukosea," akawaambia. "Mlifanya kama injini ilivyowafundisha. Sasa humu hakuna injini ya kuwaambia, nitawaambia mimi." Akapiga mlango kwa kiganja, mara mbili, nzito. "Mara mbili, shusheni. Bila hiyo, hata nikisimama mpaka Ijumaa, mtu asiguse kijiko. Na wewe Kamba, mkiwa mmepanda wote salama, nipigie bati mara moja. Bila hilo pigo lako siondoki."

"Kwa hiyo gari lote hili la kisasa," akasema Kamba, "linaendeshwa kwa kugongwa kama mlango wa jirani."

"Una njia nyingine?"

Kamba akakuna kidevu. "Kwa siku hizi zilizobaki tu, Mama Ofisi."

Siku zilizobaki zilikwenda vizuri, na mimi nilianza kuona mambo ambayo sikuyatarajia. Tulihamisha nyumba yenye watoto pacha wachanga, tukaingia, tukapakia, tukatoka, na wale watoto hawakuamka. Mama yao alitushika mikono mmoja mmoja kama tumemzalia yeye. Fundi wa kona ya pili alianza kuja kila asubuhi, akidai anataka kuona tumefikia wapi, ingawa wote tulijua anafuata chai ya kwenye boneti. Vicheko vilikuwepo bado, ila sasa watu walicheka huku wakiuliza maswali, na swali la mtu anayetaka kununua utalijua tu, linaanza na "mimi sipendi, lakini."

Na chini ya turubai kulikuwa na sauti. Niliisikia siku moja tukiwa tumesimama kwenye foleni. Mwanzoni nilidhani ni redio. Walikuwa wanaongea. Kisha mmoja akaanza kuimba, na wengine wakampokea. Mama Mkubwa akapunguza upepo wa kupoza gari ili asikie vizuri.

Kamba alibaki vilevile. Alipanda, akapiga bati mara moja, tukaenda. Mara moja tu, na kila jioni aliniaga bila kunitazama. Nilijua kura yake haijabadilika.

*

Ushirika wetu ulianza bila ukumbi, ulikuwa na pikapu moja tu, ndiyo maana hata leo tunapigia kura uani, na tunapiga kwa kupanda. Jambo likisomwa, anayekubali anapanda kwenye sanduku la gari, anayekataa anabaki chini. Halafu watu wanaangaliana. Hakuna siri, na hakuna wa kusema baadaye kwamba hakuelewa.

Siku ya kura gari liliwekwa katikati ya uani. Mama Mkubwa, kwa kuwa jambo lilimhusu, hakuruhusiwa kupiga kura, akaambiwa akae kwenye usukani asitazame nyuma. Mimi ni mwajiriwa tu, si mwanachama, nikasimama karibu na geti lililokwanguliwa, simu mfukoni. Mwenyekiti akasoma jambo. Akataja ubavu uliochubuka, sanduku fupi lililo juu mno, sofa ya Mwalimu. Kisha akasema, "Anayekubali apande."

Wakapanda wachache, makarani wa hesabu na dereva mmoja mwenye mgongo mbovu. Walipanda kwa shida, maana sanduku lile liko juu, na mmoja aliteleza akachekwa. Wengine walibaki chini wakimtazama Kamba. Vijana wake wote walimtazama Kamba. Kamba alikuwa anakunja kamba mkononi, anaikunjua, anaikunja.

Kwenye kioo cha pembeni niliona uso wa Mama Mkubwa. Alikuwa anatazama mbele, ukutani, kama alivyoamriwa.

"Nina neno," akasema Kamba.

"Sema."

"Mnamjua huyu Mrefu." Akamwonyesha kijana wake mkubwa. "Nimefanya naye kazi miaka yote nyuma ya Kikohozi, nikaamini ni mtu wa hasira. Kila akiniambia kitu anapiga kelele. Nyumbani nikamwambia mke wangu, yule kijana hana adabu." Akamgeukia Mrefu. "Wiki hii nimegundua hana hasira hata chembe. Alikuwa anapiga kelele ili nimsikie. Na anaimba. Mnajua kwamba Mrefu anaimba? Ana watoto watatu na mmoja anaitwa jina langu, na mimi sikujua, kwa sababu kila alipotaka kuniambia, Kikohozi kinakohoa."

Hakuna aliyecheka. Mrefu alikuwa anaangalia chini.

Kamba akaenda nyuma ya gari. Nilifikiri anaondoka. Badala yake akafunga kamba yake kwenye pete ya sanduku, akapiga fundo, akashusha kitanzi kipana mpaka usawa wa goti, akakijaribu kwa mguu. Kilikuwa ngazi. Kisha akamgeukia Mwenyekiti.

"Panda, Mwenyekiti. Umesema liko juu. Sasa haliko juu."

"Mimi sijasema kama nimekubali."

"Basi panda uone kwanza, ukatae ukiwa umekaa."

Mwenyekiti akatutazama wote, akaingiza kiatu chake kwenye kitanzi, Mrefu akamvuta, akaibuka juu kama mtu aliyetolewa kisimani. Akasimama. Akatazama mtaa kwa juu, na nikamwona amependa. Baada yake vijana wa Kamba walipanda mmoja mmoja, hawakuhitaji hata kitanzi. Wakajazana, bega kwa bega, na gari halikulegea hata kidogo. Chini wakabaki watatu, wakiangaliana.

Kamba alipanda mwisho. Hakuhesabu watu. Akaegemea mbele, akapiga bati mara moja.

Mama Mkubwa hakuondoka. Alikuwa bado anatazama ukuta, mikono yote miwili juu ya usukani, nami nikaelewa kwamba haamini alichosikia.

Kamba akainama mpaka kwenye dirisha lake. "Dereva," akasema. "Tumepanda wote. Twende."

Gari likatoka getini, safari hii bila kukwangua, limewabeba wote waliopanda, Mwenyekiti kasimama mbele ameshika kofia. Lilipita bila sauti mpaka kona, na hapo ndipo Mrefu alipoanza kuimba na wengine wakampokea, na fundi akatoka nje na kikombe chake kuangalia kuna nini. Wale watatu waliokataa walisimama kidogo, kisha mmoja akaanza kukimbia kulifuata.

Simu ikalia mfukoni mwangu. Alikuwa yule mwalimu mstaafu, anataka tumsaidie vitabu vilivyobaki, na akaomba aongee na Mama Mkubwa, kwa kuwa amemzoea.

"Hayupo ofisini, Mwalimu," nikasema. "Dereva yuko njiani."